Kukusanya Chakula Mtaani: Somo kwa Vijana, Wazee wa Kanisa na Madereva



Somo la mwezi huu lahusu kazi ambayo kila usharika hudhani waijua, nayo ni kukusanya chakula katika mtaa na kuwapelekea wahitaji. Watu husema, Hilo ni jambo la siku moja tu: vijana watapita nyumba kwa nyumba, dereva fulani atatoa gari lake, na jioni mambo yatakuwa yamekwisha. Lakini yeyote aliyeitazama kazi hiyo kwa karibu ajua ya kuwa chakula hukusanywa kwa siku moja, huweza kuoza kwa juma moja, na maulizo ya "kilikwenda wapi?" huendelea mwaka mzima. Twaandika hasa kwa ajili ya mitaa ya Kibingo na ya wilaya za Kyerwa na Karagwe, ambako chakula kikuu ni ndizi, na ndizi zina sheria zake. Wasomaji wa mahali pengine watachagua linalowafaa.

Kazi hii si ngeni. Katika sura ya 11 ya Matendo ya Mitume twasoma habari za usharika wa Antiokia, uliosikia ya kuwa njaa kubwa yaja katika siku za Kaisari Klaudio, ukaazimu kuwapelekea msaada ndugu waliokaa Uyahudi. Mwenye kusoma habari ile kwa haraka huona ukarimu tu, hupita. Lakini tazameni jinsi walivyoifanya. Kwanza walijua njaa iko wapi kabla ya kuchanga. Pili, kila mtu alitoa kwa kadiri ya alivyoweza, wala hapakutangazwa kiwango kimoja kwa tajiri na maskini. Tatu, mchango haukupelekwa kiholela. Wachukuzi wake wametajwa kwa majina, nao walikuwa wawili, Barnaba na Sauli. Na Sauli huyo huyo, alipokuwa Paulo na kuchangisha tena kwa ajili ya watu wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho, katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili, kwa nini ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa alisafiri pamoja na mchango ule: ili mtu asipate la kuwalaumu. Mtume hakuona haya kujilinda na lawama ya watu. Basi mzee wa kanisa akiambiwa kuandika hesabu, asikunje uso na kusema kwamba hatuaminiani.

Ulizeni kwanza

Jambo la kwanza ni kujua nini kimepungua, na kwa nani. Hapa twaweza kujifunza kwa mambo yaliyotokea katika mkoa wetu wenyewe.

 Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 twaikumbuka sote. Alasiri ya siku ile nchi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9, watu wapatao 17 wakafa, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, hasa upande wa Missenyi na Bukoba. Mioyo ya watu wa Tanzania ikaguswa, na michango ikaanza kuja. Sasa fikirini: tetemeko huangusha nyumba, lakini migomba haianguki. Mtu aliyepoteza nyumba aweza kuwa na mikungu kumi kibanjani, naye hana sufuria, hana paa la jiko, hana blanketi, na akiba yake ya maharagwe imefukiwa na udongo. Ukimletea mkungu wa kumi na moja, umemletea ulicho nacho wewe, na haja yake iko vile vile.

Tena mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, wakipiga kambi Benaco. Wengine wengi walivuka mto Kagera wakaingia Karagwe, wakawekwa katika makambi kama Chabalisa na Kagenyi, wakakaa mpaka walipoondolewa mwaka 1996. Chakula cha watu wengi namna ile hakiwezi kutoka katika kapu za usharika. Kililetwa kwa gari la moshi mpaka Isaka, na kutoka hapo kwa malori, na mashirika mengi yakafanya kazi, pamoja na lile la Tanganyika Christian Refugee Service lililoanzishwa na Walutheri mwaka 1964. Lakini liko jambo moja ambalo hata mtaa mdogo waweza kulijifunza kwa makambi yale. Mahindi mazima na maharagwe makavu hayaliwi bila moto, na maharagwe hutaka moto wa saa mbili au tatu. Kila familia ikatafuta kuni, na miti ikaisha mbali sana kuzunguka kambi. Nimewaza mara nyingi juu ya hilo. Mzee aishiye peke yake, asiyeweza kwenda msituni, ukimpa debe la maharagwe bila kuni umempa mzigo wa kutazama. Mletee unga, mletee ndizi, na kijana mmoja abebe mzigo wa kuni. Kuni ni chakula.

Basi kabla ya kutangaza mchango wowote, watu wawili au watatu wenye kujulikana kwa busara wapite kwa utulivu: mwinjilisti, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake, na balozi wa nyumba kumi. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata waarifiwe mapema, maana wao ndio waulizwao likitokea neno, na huenda wanayo orodha ya wahitaji ambayo ninyi hamnayo. Wala orodha isiwe ya Walutheri. Njaa haikubatizwa. Mjane aliye Mwislamu, au Mkatoliki, au asiyesali popote, ataandikwa kwa kalamu ile ile.

Wengine hawatajitaja. Wazee wetu wamesema kwamba mficha uchi hazai, na methali hiyo ni kweli, lakini haitupi ruhusa ya kumvua mtu nguo. Mwalimu mstaafu ambaye jana alikuwa mtoaji, leo amelala bila kula, hatasimama mbele ya watu kupokea kilo tano za unga. Kwa hiyo majina ya wapokeaji yasisomwe kanisani. Yakae kwa watu wale watatu, na mahali pengine paandikwe namba tu. Na hii desturi mpya ya kumpanga bibi kizee mbele ya gunia ili apigwe picha ya simu, kijana akishika upande mmoja wa gunia na yeye mwingine, naona ni afadhali ikomeshwe kabisa katika mitaa yetu. Bibi huyo hakuombwa ruhusa. Alipewa chakula, akalipa kwa uso wake.

Kiasi gani chatosha?

Hapa watu wengi hawahesabu, hukisia tu. Mashirika ya chakula ya dunia huweka kwamba mtu mmoja, mkubwa na mdogo kwa wastani, apate nguvu ya chakula ipatayo kalori 2,100 kwa siku. Kwa desturi kiini cha posho yao huwa gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde au maharagwe, gramu 25 za mafuta, na chumvi gramu 5, tena huongeza kidogo vitu vingine. Familia ya watu watano kwa mwezi wa siku 30 itahitaji basi kilo 60 za mahindi au unga, kilo 9 za maharagwe, mafuta karibu kilo nne, na chumvi isiyofika kilo moja.

Sasa tufanye mfano. Mtaa wenye nyumba 300, kila nyumba ikitoa kilo mbili tu za mahindi, utapata kilo 600. Hizo ni posho za nafaka za familia kumi kwa mwezi mzima. Kilo mbili hazimwumizi mtu katika mwezi wa mavuno. Na gari dogo la kubeba tani moja lazichukua zote kwa safari moja. Kumbe kazi yaweza kukamilika vizuri pasipo kumbana mtu yeyote kwa mchango mkubwa, ila tu nyumba 300 zifikiwe kweli, si zile 40 zilizo kando ya barabara ambazo huombwa kila siku.

Lakini mtasema, Sisi wa Kibingo tuna ndizi. Vema. Basi mjue tofauti yake. Mkungu wa kilo 20, ukiisha kuondolewa bua na maganda, hubaki kilo 12 hivi za kuliwa, na nguvu yake yamtosha mtu mmoja kwa siku saba. Kilo 20 za mahindi makavu zamtosha mtu huyo huyo zaidi ya siku 30. Kwa hiyo lori lililojaa mahindi limebeba chakula mara nne au tano kuliko lori lile lile lililojaa mikungu. Tena mkungu mbichi ukikaa siku saba hadi kumi huanza kuiva, na ukirundikwa juani huiva kabla ya hapo. Simwambii mtu asitoe ndizi. Ndizi ndiyo chakula tulichozoea, na mgonjwa wa Kinyambo huitamani hata mbele ya wali. Nasema hivi: ndizi zitolewe kwa walio karibu, zikatwe jana, zigawiwe leo, zipelekwe kwa baiskeli na pikipiki, nafaka na maharagwe ndivyo vya kuwekwa akiba na kusafirishwa mbali kwa gari.

Kwa ajili ya akiba hiyo, wakati mwema wa kukusanya ni mara baada ya mavuno ya maharagwe, yaani Januari na tena Juni au Julai. Watu wengi hukusanya wakati wa njaa yenyewe, mwezi wa Oktoba au Novemba, mbegu zikiwa zimeisha kwenda ardhini. Wakati huo mtoaji naye hana kitu, naye hutoa kwa aibu kile ambacho wanawe wangekula.

Panga la kijana

Nataka kukaa kidogo juu ya jambo hili, maana sijaona likitajwa katika mafundisho ya michango, nalo laweza kuugeuza wema kuwa msiba.

Mnyauko wa migomba, ule ugonjwa uletwao na bakteria, ulijulikana zamani Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa katika mkoa wetu wa Kagera. Kila mkulima ajua dalili zake: majani hunyauka na kuwa manjano, ua dume husinyaa na kuwa jeusi, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani utaona rangi ya kahawia, ukikata shina, hutoka ute wa manjano. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba ulioshikwa. Hung'olewa au hukatwa na kuzikwa, na familia hukaa ikingojea kibanja kizaliwe upya.

Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume. Lakini tena huenezwa na chuma. Panga lililokata mgomba mgonjwa likikata mgomba mzima, limeupanda ugonjwa pale kwa mkono wa mtu. Sasa waza habari ya vijana wanane, wachangamfu, wenye panga moja kali waliloazimwa na mzee wa kanisa. Wanapita nyumba 30 kwa siku moja. Kila nyumba mama asema, Ingieni wanangu, kateni ule mkungu pale nyuma. Wanakata, wanashukuru, wanakwenda nyumba ya pili. Ikiwa katika kibanja cha tano palikuwa na mgomba mmoja uliokwisha kuambukizwa na bado haujaonyesha dalili, basi vibanja 25 vilivyofuata vimehatarishwa kwa siku moja, na hao ndio watu waliotoa. Baada ya miezi michache watu watasema kwamba mchango ule ulikuwa na mkosi. Hapakuwa na mkosi. Palikuwa na panga.

Kwa hiyo iwe amri isiyovunjwa: kijana wa mchango hachukui panga. Mwenye kibanja akate mwenyewe kwa panga lake, auweke mkungu njiani. Akiwa ni bibi asiyeweza kukata, na alitumie kijana panga la bibi huyo huyo, kisha aliache pale pale. Ikilazimu kabisa kutumia panga moja, liunguzwe motoni mpaka lipate moto kweli pande zote mbili, au lioshwe kwa maji yenye klorini, kabla ya kuingia kibanja kingine. Tena ndizi zichambuliwe chane kwa chane pale pale kwa mwenyewe, na bua libaki. Hivyo mzigo hupungua na ugonjwa haupandi gari. Na dereva asitandike majani ya migomba chini ya mzigo kama ilivyo desturi, bali nyasi kavu au turubai. Kibanja chenye dalili kisiombwe kitu. Aombwe mwenye kibanja kuja kwa bwana shamba.

Mahindi yanayoua

Hatari ya pili haionekani kwa macho sana. Nafaka iliyowekwa ikiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine huacha sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 katika sehemu za mashariki ya Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haya si mambo ya mbali.

Sasa mchango wa mtaa una tabia hii: mahindi ya nyumba mia humwagwa katika gunia moja. Nyumba 99 zimeleta mahindi mema, nyumba moja imeleta yale ya chini ya kihenge yaliyonyeshewa, kwa kuwa wako watu, Mungu awasamehe, wanaodhani ya kwamba kisichofaa kwa mbuzi chafaa kwa maskini. Gunia zima limeharibika, wala hakuna awezaye kulitenga tena. Basi pimeni mlangoni, kabla ya kumimina. Mahindi yaliyobadilika rangi, yanayonuka uvundo, au yenye vumbi la kijani, yasipokelewe. Na kijana afundishwe kukataa kwa maneno mema.

Ikiwa kuna shaka juu ya unyevu, ipo njia ya chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi mpaka robo yake, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Ikianguka chini yote, yafaa kuwekwa. Maharagwe nayo yatazamwe kama yana matundu ya fukusi. Magunia yasilazwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani. Pangeni magogo au mbao chini yake, na paka wa mchungaji aruhusiwe kulala humo.

Habari za vijana

Kundi la vijana watatu latosha kwa mstari mmoja wa nyumba: mmoja wa kusema na kuandika, mmoja wa kupima, mmoja wa kubeba. Wawili ni wachache, kwa kuwa mmoja akichoka kazi hulala. Na kumi ni jeshi, mama aliye peke yake nyumbani ataogopa. Wawe wavulana na wasichana pamoja, na kila makundi matatu yawe na mtu mzima mmoja anayezunguka. Wasiingie ndani ya nyumba. Wasipokee fedha hata shilingi mia. Anayetaka kutoa fedha aelekezwe kwa mtunza hazina wa usharika, naye apewe risiti.

Liko jambo moja waliloligundua vijana wa skauti huko Marekani, walioanza katika mji wa St. Louis mwaka 1985. Hawaendi kuomba siku moja na kuchukua siku ile ile. Jumamosi ya kwanza huacha mfuko mtupu mlangoni pamoja na maneno machache ya maelezo. Jumamosi ya pili hurudi kuuchukua. Naona shauri hilo latufaa sana. Anayeombwa ghafula hutoa kilicho karibu na mkono, au husema hana; aliyeachiwa mfuko hufikiri juma zima, humwuliza mumewe, huanika mahindi. Na asiyetaka kutoa hapati aibu: mfuko wake hubaki mtupu, na kijana huuchukua na kushukuru vile vile.

Wafundisheni maneno ya mlangoni. "Shikamoo, mama. Tumetumwa na usharika, na mwenyekiti wa kijiji anajua habari zetu. Jumamosi ijayo tutapita kupokea mahindi makavu au maharagwe kwa ajili ya watu wa mtaa huu waliopungukiwa. Ukiwa nacho tutashukuru. Usipokuwa nacho tunakutakia amani." Yatosha. Wasiongeze hadithi za kuhuzunisha, wala wasitaje jina la mhitaji hata wakiulizwa.

Mara nyingine kijana atafika kwa mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya wapokeaji, naye atatoa bakuli moja la maharagwe. Vijana huona haya kulipokea. Nasema lipokeeni, liandikeni kama la mwingine yeyote. Mtu huyo mezani pake hana kitu, lakini bado ni mtu wa mtaa, na mtu wa mtaa hutoa.

Habari za madereva

Dereva ndiye asahauliwaye kuliko wote. Usharika husema, Fulani ana gari, atatusaidia, kana kwamba gari hunywa maji. Mwenye gari dogo aweza kuwa na deni la gari hilo, na siku moja ya kazi yenu ni siku moja isiyoleta senti nyumbani kwake. Mwulizeni kwa faragha, wala si mbele ya ibada ambapo hawezi kukataa. Mafuta yalipwe na mfuko wa usharika, yaandikwe mbali na mchango, ili mtu asiseme kwamba mahindi ya maskini yaliuzwa kununua mafuta. Waendesha pikipiki nao ni hivyo hivyo. Kwa vijia vya milimani vya Kyerwa wao wafika pasipofika gari, lakini gunia la kilo mia juu ya pikipiki katika mteremko wenye utelezi ni jambo la kumwua mtu. Kilo hamsini, na asipakie mtu mwingine juu yake.

Kabla ya siku yenyewe dereva akae pamoja na vijana, wachore njia kwenye karatasi. Yeye ajua daraja gani ni bovu na kilima gani hakipandiki mvua ikinyesha. Gari lisizunguke kila nyumba; lisimame mahali patatu au pane panapojulikana, kama penye shule, penye gulio, penye njia panda, na vijana walete mizigo mpaka hapo kwa miguu, baiskeli na toroli. Hivyo mafuta hupungua nusu, na watoto hawakimbii mbele ya magurudumu kutwa.

Mambo mawili yasijadiliwe. La kwanza: hakuna kijana kupanda juu ya mzigo. Najua ilivyo desturi, na najua jinsi vijana wapendavyo kuimba wakiwa juu ya magunia wakirudi jioni. Gari likikata kona, gunia hukaa na mtu huruka. Waimbe wakitembea. La pili: dereva akisema, Sasa giza limeingia, au barabara haifai, au nimechoka, neno lake ni la mwisho. Mchungaji asimwambie kwamba Mungu atatutangulia. Mzigo ulale kanisani, na watu wawili walale pamoja nao.

Hesabu

Katika siku zile za tetemeko la mwaka 2016, serikali ilipofungua akaunti ya kupokea michango, mwezi ule ule maofisa wawili wakubwa waliondolewa katika nyadhifa zao kwa tuhuma ya kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina la kufanana nayo. Simhukumu mtu, nalitaja kwa ajili ya lile lililofuata mioyoni mwa watu, maana wengi waliokuwa tayari kutoa walianza kuuliza maswali, na maswali hayo hayakutofautisha mkusanyaji mwema na mbaya. Imani ya watu ikimwagika, huchukua miaka kujaa tena.

Basi andikeni vitabu viwili. Kitabu cha mlangoni ni cha vijana: namba ya nyumba, kitu gani, kilo ngapi. Kitabu cha ghala ni cha mzee wa kanisa pamoja na mtu mmoja asiye wa usharika wetu, kwa mfano mjumbe wa serikali ya kijiji: gunia ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, kwa namba ipi. Dereva naye ahesabu magunia anapopakia na anapopakua, atie sahihi mara mbili. Ni kinga yake mwenyewe, kwa maana gunia likipotea yeye ndiye husingiziwa kwanza. Jioni vitabu vilinganishwe. Havitapatana kabisa. Mizani ya mlangoni na mizani ya ghalani si mapacha, na mahindi humwagika. Kikipungua kilo tano katika mia sita, andikeni kwamba zimepungua tano. Hesabu inayopatana mpaka gramu ya mwisho ndiyo ningeitilia mashaka.

Jumapili inayofuata jumla isomwe kanisani, na katika mkutano wa kijiji isomwe tena, kwa kuwa waliotoa hawakuwa Walutheri peke yao. Isomwe jumla ya vilivyoingia, jumla ya vilivyotoka, idadi ya nyumba zilizopokea bila majina, na kilichobaki ghalani. Vitabu viachwe mezani kwa juma moja kwa yeyote atakaye kuvitazama.

Na magunia matupu yarudishwe kwa wenyewe. Kila gunia liandikwe alama ya mkaa siku ya kulipokea, likunguʼtwe, likaushwe juani, na kijana yule yule aliyelichukua alirudishe katika nyumba ile ile kabla ya mwezi kuisha, ashukuru tena, aulize kama mama amepata mvua.